Kisima cha mtakatifu kule Ireland: mtu akifika anafanya nini?

Binti Kadutu
Wapendwa, mdogo wetu wa hapa Bukavu anasoma Ireland, tarehe 1 Februari atapelekwa Liscannor kwenye kisima cha Mtakatifu Brigid. Nasikia watu wanazunguka kisima wakisali, kisha wanafunga kitambaa mtini. Anazunguka upande gani? Kitambaa kinafungwaje? Na maji yananywewa?

Fundi wa Ibanda
Watamwambia afuate jua. Sisi jua linatupitia utosini, hiyo haitamsaidia. Ashike hivi: kisima kiwe mkono wake wa kuume mwanzo mpaka mwisho. Kinyume chake ni kumlaani mtu, ndivyo wazee wa kule wanavyochukulia.

Mizunguko ni 3, 7 au 9, kila kisima na desturi yake. Afuate wamama waliomtangulia. Aokote vijiwe vya hesabu hiyo, kila mzunguko aweke kimoja chini, la sivyo hesabu itampotea katikati ya Salamu Maria. Doon Well, kisima kingine kule Donegal, wanavua na viatu, baridi au si baridi.

Ya Mapendo
Kitambaa kiloweshwe, kipitishwe mahali panapouma, ndipo kifungwe mtini. Kikioza, ugonjwa nao unaisha, ndiyo imani yenyewe. Sasa watu wanafunga nailoni! Haiozi, na tawi likinenepa inakata ganda. Achane kikwembe cha pamba, upana wa vidole viwili, fundo lilegee. Cha mwingine asifungue, wanasema ugonjwa wake utamhamia. Wala asigongomee feza za chuma kwenye shina: mti mtakatifu wa Clonenagh, huko huko Ireland, uliharibiwa na sarafu hizo.

Binti Kadutu
Na maji, Yaya?

Ya Mapendo
Kupaka macho na paji la uso, sawa. Kunywa papo hapo, hapana: visima vingi viko karibu na malisho, mvua inashusha mavi ya ng'ombe. Imani inasema maji hayo hayachemki hata ukiyaweka motoni, kwa hiyo asibishane na mtu pale. Ajaze chupa, nyumbani ayachemshe au atie kloro kama tunavyofanya na bidoni zetu. Nguo asifulie humo kabisa. Kisima kikitukanwa kinahama, wanasema.

Mkristu tu
Hii si uganga? Mapadri wanakubali?

Fundi wa Ibanda
Siku ya mtakatifu, visima vingi padri ndiye anaongoza sala. Waliowinda mahujaji ni watawala Waprotestanti: sheria ya 1704 ilitoza shilingi 10, asiye nazo anachapwa. Maaskofu nao walikuja kukemea, ila zaidi kwa pombe na ngumi zilizofuata sala.

Pale Liscannor njia ya kuingia ni nyembamba, imejaa picha za wagonjwa na marehemu. Asiguse kitu, na begi la mgongoni aliache nje.