Naomba ushauri: AC inapoza nikiwa mwendoni, nikisimama inapuliza joto

Wakuu, habari za leo. Niko Mtwara mjini, gari ni ndogo ya petroli, cc 1300, gesi ya AC yake ni R134a. Nikielekea Mikindani AC inapoza vizuri tu. Nikisimama dakika chache inaanza kupuliza joto, na joto la huku mnalijua.

Fundi alifunga geji za kupima presha ya gesi gari likiwa sailensa (limesimama, injini inaunguruma): upande wa presha ya chini psi 60, wa juu 320. Tukamwagia maji kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele, inayopoza gesi), wa juu ukashuka hadi kama 230 na baridi ikarudi. Kondensa tumeshaiosha. Feni inazunguka, ila naiona inazembea. Ukiweka karatasi mbele ya kondensa hainati, inadondoka. Halafu gesi iliongezwa mwaka jana kwa kukisia, bila mizani wala kuvuta vakyumu (kunyonya kwanza hewa yote iliyo kwenye mfumo).

Fundi anasema tubadili kompresa (pampu inayosukuma gesi). Hapo ndipo naguna: kompresa iliyochoka itasukuma 320 kweli?

Nianze na feni, au nitoe gesi yote, nivute vakyumu na kujaza upya kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti? Na kwa Mtwara au Lindi, nani anajaza gesi kwa mizani?