Mhusika anayeng'ang'ania nafsi yake kwenye riwaya za Marekani ni mbinafsi? Mi nakataa, karibuni tujadili

Wadau, kuna jamaa yangu nimebishana naye wiki nzima, naona bora niilete hapa na nyie mchangie. Yeye anasema riwaya za Marekani za karne hii iliyopita ni ubinafsi mtupu, kila kitabu mtu mmoja kagombana na jamii nzima, mwisho anakimbia au anajifungia, sasa sisi tuliokulia kwenye "mtu ni watu" tunajifunza nini pale.

Mi naona neno lenyewe ndo linamponza. Kwa Kiswahili ukishasema ubinafsi umeshatukana, ni yule anayekula kafunga mlango. Wanachopigania hawa waandishi ni kitu kingine kabisa, ni mtu kukataa kusemewa yeye ni nani, na ukichanganya hayo mawili huwezi kumwelewa Ralph Ellison, yule mwandishi mweusi wa Marekani, hata ukurasa mmoja.

Chukueni riwaya yake Invisible Man (Mtu Asiyeonekana) ya 1952. Kijana mweusi katoka Kusini mwa Marekani kaenda New York, jina lake hatutajiwi kabisa, kitabu kizima. Anapata kazi kiwanda cha rangi kinachosifika kwa rangi nyeupe inayopakwa hadi kwenye majengo ya taifa. Kazi yake ni kufungua ndoo ya rangi nyeupe, kudondoshea matone kumi ya dawa nyeusi, halafu anakoroga, anakoroga, mpaka ile nyeusi imepotea yote na nyeupe ndo inang'aa. Hapo niliweka kitabu chini kwanza.

Baadaye anaingia kwenye chama kinaitwa Brotherhood, watu wanaitana ndugu, na siku ya kwanza tu wanampa kikaratasi kina jina jipya, kuanzia leo wewe ni huyu. Anakubali, anajituma kweli kweli, anahutubia watu Harlem, mtaa wa weusi wa New York. Sasa njooni usiku wa vurugu, anakimbizwa, anatumbukia kwenye shimo la kuhifadhia makaa ya mawe, giza totoro, mkoba anao, basi anachoma karatasi zake moja moja apate mwanga, anaanza na diploma ya sekondari. Anafika kwenye barua ya vitisho aliyowahi kuandikiwa bila saini, na kile kikaratasi cha jina, anakuta mwandiko ni mmoja! Aliyempa jina ndo huyo huyo aliyemtisha. Huyu kijana ubinafsi wake uko wapi? Alijitoa kwa watu mzima mzima, wenyewe wakamgeuza chombo.

Najua mtasema mbona kajificha chini ya ardhi na taa zake 1,369 za umeme wa wizi. Ni kweli, ila someni mpaka kurasa za mwisho, anasema kalala shimoni kupita kiasi na anatoka, maana hata asiyeonekana ana wajibu kwa wenzake. Sehemu hiyo watu wanairuka sijui kwanini.

Na Ellison mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1963 mhakiki Irving Howe, mtu wa mrengo wa kushoto kabisa, sio adui wa weusi hata kidogo, aliandika kwamba njia ya mwandishi mweusi ni ile ya hasira ya Richard Wright, mwandishi mweusi aliyewatangulia, na kwamba akina James Baldwin na Ellison wameiacha. Ellison akamjibu kwamba Howe anamwona kama kafungiwa kwenye mtungi wa chuma usioonyesha nje, wakati mtungi wenyewe, kama upo, unaonyesha, na yeye akiwa kijana huko huko Alabama ya ubaguzi alikuwa anawasoma T. S. Eliot na Hemingway. Yaani hata anayekutetea anaweza kukuandikia kikaratasi.

Jamaa yangu akaniletea Catch-22 ya 1961, riwaya ya Joseph Heller, kwamba Yossarian, mwanajeshi wa ndege za mabomu, anaacha vita anakimbilia Sweden, si ubinafsi huo? Hapana jamani. Kabla ya hapo wakubwa wake walimpa dili, arudi nyumbani kama shujaa ilimradi awasifie, wenzake waendelee kurushwa kwenye mabomu. Dili ndo ulikuwa ubinafsi, na aliukubali kwanza, halafu ukamshinda. Heller mwenyewe aliruka misheni 60 vitani, alijua anachosema.

Pale ninapokubali kashfa ni kwa wanawake. Vitabu vingi vya hivi nafsi anapewa mwanaume na mwanamke ndo anafanywa kufuli lake, angalieni yule nesi Ratched anayewabana wagonjwa wa akili kwenye One Flew Over the Cuckoo's Nest ya Ken Kesey, hilo silitetei. Lakini robo karne kabla ya Kesey, mwaka 1937, mwandishi mweusi Zora Neale Hurston alishamwandika Janie kwenye Their Eyes Were Watching God. Mumewe Joe Starks ana duka, ni meya, ana wivu, anamlazimisha afunge nywele kwa kitambaa kila akiwa dukani. Siku Joe anakufa, Janie anaenda kwenye kioo, anavua kile kitambaa, nywele zinashuka, anajitazama vizuri. Halafu anazifunga tena, anafungua dirisha na kuita watu waje msibani. Dakika ile moja, kabla watu hawajaja!

Wright alikiponda kile kitabu mwaka huo huo, alikiona hakina ujumbe. Mi naona hakukisoma kwa utulivu, kwa sababu Janie hamalizii peke yake, anamsimulia rafiki yake Pheoby mambo yote pale barazani usiku, na Pheoby anaposimama kuondoka anasema amejiona karefuka futi kumi kwa kumsikiliza tu, na kwamba kuanzia sasa mumewe Sam atamchukua waende wote kuvua samaki.