Mjadala: Je, ushuhuda wa mtu umechukua nafasi ya Kristo katika ibada zetu?

Mleta mada

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba tujadili kwa upole jambo linalonisumbua kila Jumapili. Katika ibada nyingi ninazohudhuria, shuhuda huchukua karibu saa nzima, na mahubiri yanayofuata huwa ushuhuda mwingine tena, wa mhubiri mwenyewe: alivyokuwa mlevi, alivyooteshwa ndoto, deni lake lilivyolipwa. Waumini hurudi nyumbani wakimfahamu mhubiri vizuri, ilhali habari za Yesu aliyesulubiwa hazikuguswa ila katika sala ya kufunga. Nasema wazi kwamba mambo tuliyoyapitia ni matunda ya Injili, wala si Injili yenyewe, na kwamba anayeyahubiri hayo badala ya Kristo anamnyima mwenye dhambi kitu cha kushika.

Mtume Paulo alikuwa na ya kusimulia kuliko sisi sote. Alinyakuliwa hata mbingu ya tatu, lakini alilitaja jambo hilo baada ya miaka 14, tena kama habari ya mtu mwingine, na kwa sababu Wakorintho walikuwa wamewasikiliza watu wenye kujisifu. Kisha akageukia mwiba wake na neema inayomtosha. Alipowakumbusha Wakorintho hao hao Injili aliyowahubiri, alianza na Kristo aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Akawataja Kefa, wale Thenashara na ndugu zaidi ya 500 waliomwona, ndipo akajitaja mwenyewe mwisho wa wote.

Shangazi yangu alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akazika watoto wawili huku akiomba, na hajawahi kuona maono wala kusikia sauti. Siku moja, mbele ya watu, mzee mmoja wa kanisa alimwuliza: “Mama, uliokoka tarehe ngapi?” Hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo alihamia benchi la nyuma, na nilipomfuata nyumbani aliniambia, “Mwanangu, labda mimi sikuitwa.” Imani ya miaka 60 ilitikiswa na swali ambalo Yesu hakumwuliza mtu yeyote.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyompata shangazi, na aliyemwuliza vile alikosea. Hata hivyo naona unataka kuung’oa mti kwa sababu ya tawi moja lililopinda. Mimi nimelelewa Kagera na bibi aliyeokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa kiroho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Tanganyika. Haukuenezwa na mabingwa wa theolojia. Ulienezwa na wakulima, wauguzi na walimu wa shule za msingi waliosimama wakasema, “Niliiba, nimerudisha; nilimchukia jirani, nimemwomba msamaha.” Kila mmoja alipomaliza, ndugu waliimba Tukutendereza Yesu, yaani “Tunakusifu Yesu” kwa Kiganda, na watu wakaamini kwa sababu waliiona mali ikirudishwa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 waliokuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri. Waliowafukuza hawakukosa mafundisho sahihi. Walichoogopa ni moto.

Tena Maandiko yenyewe yanasema kwamba walimshinda mshitaki, yaani Shetani, kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wao. Na yule kipofu wa Yohana 9, asiyejua hoja za Mafarisayo, alikuwa na sentensi moja tu: alikuwa kipofu, na sasa anaona. Ungemnyamazisha?

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500, kwa sababu mchungaji mstaafu aliyekitoa alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na waliotangulia walisema wamepona. Sihukumu moyo wake, naye amekwisha kufariki. Nauliza tu: ikiwa ndoto na shuhuda zinatosha kuthibitisha jambo, tutapima kwa kipimo gani siku ndoto au shuhuda mbili zitakapopingana?

Mleta mada anajibu

Ndugu wa Kagera, nakushukuru, maana umenirudisha kwenye mfano bora kuliko wangu. Simnyamazishi kipofu. Lakini endelea na sura hiyo hadi mwisho. Macho yamekwisha kufumbuka, ameshuhudia kwa ujasiri, amefukuzwa kwa ajili ya ushuhuda wake, na bado Yesu anamtafuta na kumwuliza kama anamwamini Mwana wa Mungu, naye anajibu, “Ni nani, Bwana, nipate kumwamini?” Alikuwa na muujiza kamili, wala hakumjua aliyeutenda. Ilimpasa Yesu ajitambulishe, ndipo akamsujudia.

Kuhusu Uamsho, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, waanzilishi wake, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, walikaa wakichunguza Maandiko pamoja. Na wimbo wenyewe wa ndugu, ukiusikiliza kwa makini, unamsifu Yesu Mwana-Kondoo na kusema damu yake imeniosha. Mwimbaji yumo, sikatai, lakini yumo kama aliyeoshwa. Anayetenda ni damu. Bibi yako aliposimama kukiri wizi, aliwaelekeza watu msalabani. Shuhuda ninazozisikia leo zinamwelekeza msikilizaji kwa msimuliaji, na nyingi hazina toba ndani yake, bali nyumba, viza ya kusafiri na gari. Kurithi desturi ya kusimama bila kurithi sababu ya kusimama ni hasara kubwa kwetu sisi wajukuu.

Wiki iliyopita nilimsomea shangazi Warumi 5, pale Paulo anaposema kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Aliniomba nirudie, nikarudia mara tatu. Basi nakuuliza kwa heshima, ndugu yangu: shangazi akisimama katika ushirika wenu, akasema tu kwamba Yesu alimfia na kwamba hana tumaini lingine, bila tarehe na bila kisa, je, mtamwimbia wimbo ule?