MREJESHO: Kimeng'enya cha kuvunja wanga wa muhogo

Niliuliza nitapataje amilasi (kimeng'enya cha kuvunja wanga) inayostahimili joto nikiwa hapa Bukavu bila maabara. Ndugu aliyenielekeza kwenye jenomu (maandishi yote ya DNA) za Geobacillus, bakteria wapenda joto, Mungu akubariki. Kila moja ina herufi kama milioni 3.5 tu, faili dogo. Hata intaneti yetu ya Kadutu ililivuta.

HMMER, programu ya kutafuta protini za ukoo mmoja, ikanitolea protini kadhaa za familia ya GH13, ukoo wa amilasi. Kumbe humo wamejazana na kina pululanasi, vimeng'enya ndugu zake! Nikatupa zilizokosa aspatati mbili na glutamati moja, asidi amino zinazofanya kazi ya kukata, zilizobaki nikazilinganisha na amilasi zilizokwisha kupimwa. Ikabaki moja, tena ina peptidi ya ishara (kipande cha kuielekeza nje) mwanzoni: bakteria huitoa nje ya seli, kuivuna ni rahisi.

Sasa natafuta pa kuagiza jeni yake itengenezwe. Mwenye kujua bei, aseme.