Naomba ushauri: kununua shamba lenye msitu kando ya Kakamega

Habari zenu wandugu. Mimi na dada zangu tunataka kununua ekari 4 zinazopakana na msitu wa Kakamega, upande wa Shinyalu. Si za kulima, miti ibaki tu. Ni mabaki ya msitu wa mvua wa Kongo hayo, na mbega bado hushuka hadi kwenye ua.

Shida ni hati. Iko kwa jina la mzee aliyefariki, wanaouza ni wajukuu, na mmoja yuko Nairobi hapokei simu. Broka anasema tulipe kwanza, kesi ya urithi itafuata. Bila mirathi kukamilika na bila kibali cha bodi ya ardhi, mimi sioni tunanunua nini.

Halafu majirani. Akina mama huokota kuni humo tangu zamani, ng'ombe hupitia humo kwenda mtoni. Tukiweka senyenge tutaitwa wanyakuzi. Tusipoweka, makaa yatachomwa usiku. Nani amewahi kuelewana nao, na vipi?

Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu kusajili msitu wa kibinafsi. Kuna aliyepitia hiyo? Itazuia kweli watoto wetu wasimuuzie mpanda mikaratusi?