Piano ya John Cage: nianzie wapi? Na skrubu kwenye piano ya kanisa inafaa?

mpigakinanda: Wakuu, habari zenu. Napiga kinanda kwaya ya kanisani, noti nasoma bila shida. Juzi nimekutana na In a Landscape ya John Cage, yule mtunzi Mmarekani, ya 1948, nikatulia tuli. Nikatafuta nyingine yake, ikaja Music of Changes ya 1951. Jamani! Noti zinadondoka kama kokoto kwenye bati. Huyu ni mtu mmoja kweli? Nifuate mpangilio gani? Halafu zile za kutia skrubu kati ya nyuzi, naweza kujaribu pale kanisani?

Mzee wa Pedali: Ni yuleyule, mkuu. Mwaka 1951 alitaka ladha yake isiingilie kazi, akawa anarusha sarafu na kutazama majibu kwenye I Ching, kitabu cha ubashiri cha Wachina chenye alama 64. Sauti ipi, idumu kiasi gani, ipigwe kwa nguvu gani, yote yaliamuliwa hivyo. Hiyo achia wapiga piano mabingwa kina David Tudor. Wewe piga In a Landscape, kisha Dream ya mwaka huohuo. Noti ni chache, ila pedali ya In a Landscape inakanyagwa mwanzo mwisho, sasa ukigonga kwa pupa kila kosa linabaki linavuma.

kijana_wa_bass: Piano yenyewe ya nyuzi au ya umeme? Isije ikawa unatafuta pa kuchomeka skrubu kwenye spika 😂

mpigakinanda: Ya nyuzi bwana, ile ya kusimama.

FundiNyuzi: Basi iache. Kazi yake kuu ya skrubu, Sonatas and Interludes (1946–48), inataka piano kubwa, ile ambayo nyuzi zimelala. Noti 45 zinatiwa vitu: skrubu, boliti, nati, raba, plastiki. Kwenye ya kusimama nyundo ziko mbele ya nyuzi, mkono haupenyi, na kitu kikilegea kinadondokea ndani. Skrubu nene ukiilazimisha inatanua nyuzi, tyuni inaharibika, na bili ya fundi ni yako. Kama mkono unawasha, bana kipande cha kifutio kwenye noti moja ya juu, usikilize, utoe.

Kumbuka Cage alianza kutia vitu kwenye piano kwa shida tu. Mwaka 1940 kule Seattle, mchezaji dansi Syvilla Fort alihitaji muziki wa dansi yake, jukwaa halina nafasi ya ngoma. Ikabidi piano igeuzwe ngoma.

Dada Oktava: Mzee, hapo nakupinga. Akizama kwenye hizo tamu za 1948, zilizobaki zote ataona fujo. Asikilize mapema Etudes Australes (1974–75), noti zilitolewa kwenye ramani za nyota. Cage alimwandikia mpiga piano Grete Sultan, na kila mkono unajitegemea, hakuna kusaidiana. Moja kwa siku inatosha, ziko 32. Kisha One ya 1987: akodi chache, mpigaji mwenyewe anachagua aingie sekunde ipi ndani ya muda uliowekwa.

Mzee wa Pedali: Kusikiliza sawa. Kupiga, nabaki palepale.

mpigakinanda: Asanteni. Paroko hatajua lolote kuhusu skrubu. Jedwali la kuonyesha kitu gani kinatiwa wapi kwenye Sonatas and Interludes linapatikana wapi?

FundiNyuzi: Mwanzoni mwa kitabu cha noti, cha wachapishaji Edition Peters. Vipimo ni vya inchi, andaa rula.