Anwani za DHCP zinakwisha kwenye fayawoli ya nyumba ya wageni, Tabora

Muulizaji, Tabora
Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninasimamia mtandao wa nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, ambako wageni wengi ni abiria wa kuelekea Kigoma au Mwanza wanaolala usiku mmoja tu. Fayawoli, yaani kifaa kinacholinda mtandao, ndiyo inayogawa anwani za mtandao kwa DHCP (utaratibu wa kuvipa vifaa anwani bila kuziandika kwa mkono), kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, na kila anwani hutolewa kwa siku 7. Jioni nyumba inapojaa, simu za wageni wapya hubaki zikitafuta anwani bila kuipata, na kompyuta zenye Windows hujipa anwani inayoanza na 169.254. Je, nipanue fungu la anwani, au tatizo liko kwingine?

Jibu, Kigoma
Ndugu yangu, kabla hujapanua chochote, fungua orodha ya anwani zilizokwisha kutolewa uone zimeshikwa na nani. Fungu lako lina anwani 101. Mkipokea wageni wapya 20 kwa siku, kila mmoja na simu moja tu, siku 7 zinadai anwani 140, na nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa simu ambazo wenyewe wameshashuka huku kwetu Kigoma.

Punguza muda uwe saa 4. Kwa kawaida kifaa huomba kuongezewa muda nusu yake inapofika, yaani baada ya saa 2, kwa hiyo umeme ukikatika kwa nusu saa na fayawoli ikazimika, aliyekwisha kupata anwani bado anayo. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kabisa ushuke hadi dakika 5. Zingatia pia kwamba badiliko hili haliwagusi waliokwisha kupewa siku 7: rekodi zao zifute asubuhi wageni wakishaondoka, kisha uzime na kuwasha vifaa vya Wi-Fi ili simu zilizobaki ziombe anwani upya.

Jibu la pili, Tabora
Ninakubaliana naye. Hata hivyo, ikiwa bado mtahitaji nafasi zaidi, usipanue mtandao huo huo wa ofisi, kwa kuwa kila kifaa kilichoandikwa anwani kwa mkono kitalazimika kurekebishwa. Watengee wageni VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile), mathalani 192.168.20.0/23, yenye anwani 510 zinazotumika, na uhakikishe kwamba fungu liko ndani ya mtandao wa kiolesura (mlango wa mtandao) cha fayawoli kinachohudumia VLAN hiyo. Hapo pia utaweza kuwazuia wageni wasiifikie kompyuta ya mapokezi, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko wingi wa anwani.

Muulizaji
Ninashukuru sana. Orodha imeonyesha hivyo hivyo: wengi walikwisha kuondoka. Limebaki moja. Mashine ya kurekodi kamera ina anwani 192.168.1.150 iliyowekwa kwa mkono, na mara kwa mara picha hupotea.

Jibu, Kigoma
Anwani hiyo iko katikati ya fungu, kwa hiyo fayawoli inaweza kumpa mgeni wakati mashine imezimika, na ikiwaka vifaa viwili vinagombania anwani moja. Ihamishie chini ya 100, kwa mfano 192.168.1.20, kisha urekebishe anwani hiyo kwenye kila kompyuta au simu inayotazama kamera. Printa na vifaa vya Wi-Fi navyo uvikague leo hii.